Shubiri Moja ya Paa

Jambo la kwanza ambalo kila mgeni huliona kwake ni sikio. Fundi huyu wa bodi za magari haanzi kazi kwa macho. Huinama, hulaza sikio la kushoto juu ya bati, kisha hugonga kwa kifundo cha kidole, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa. Bati zima hulia. Lililojazwa puti ya kuzibia mabonde hunyamaza. Kwa mazoea hayo wateja walimbatiza Sikio, na jina lake halisi likabaki kwenye vyeti.

Katika gereji iliyo nyuma ya nyumba yake kuna gari moja ambalo si la mteja. Ni gari dogo la michezo, jekundu, la viti viwili, lililotengenezwa wakati yeye mwenyewe akijifunza kutembea. Alilikuta limepinduka, paa limebonyea hadi kwenye viti. Wenye akili zao walikwisha kulihesabu kuwa chuma chakavu. Yeye alilivuta kwa kamba hadi nyumbani, akamwambia mkewe, mshonaji wa mapazia, "Likikamilika, abiria wa kwanza ni wewe."

"Basi niache cherehani nikajitayarishe?" mkewe alimtania.

Hiyo ni miaka ishirini na sita iliyopita.

Paa peke yake lilimlia miaka sita. Hakutaka kuchukua la gari jingine, wala kuficha mabonde kwa puti. Aligonga kwa nyundo ya mbao, akasikiliza, akagonga tena, mpaka mstari uliotoka juu ya kioo cha mbele ukateremka hadi kwenye buti bila kukwama popote. Mafundi wa mitaa mingine walikuja kulipapasa tu, kisha wakaondoka wakitikisa vichwa. Hajawahi kufanya kazi nzuri kuliko ile, na anajua hataifanya tena, maana mikono yake siku hizi hutetemeka ifikapo mchana.

Kufikia mwaka wa tisa gari lilikuwa linatembea. Hapo ndipo lilipo kosa lake, na yeye halifichi. Gari lilitembea, lakini kwake halikuwa limekamilika. Asubuhi moja mkewe alitokea mlangoni mwa gereji amevaa vizuri, mkoba begani. Alitaka waende kwa dada yake, mwendo wa saa mbili, ili dada amwone akishuka.

"Leo haiwezekani," alisema Sikio. "Ukanda wa nikeli wa mlango wa kushoto haujafika."

"Dada yangu anaujua ukanda wa nikeli?"

"Mimi naujua."

Mkewe akapanda basi. Ukanda ulifika baada ya miezi mitano. Kisha zikawa taa, kisha mpira wa kioo, kisha rangi ya boneti iliyopishana kidogo na ya madigadi. Kila mwaka ulikuwa na kasoro yake. Dada mtu alifariki bila kuliona gari hilo hata kwenye picha.

Mwaka huu kasoro ziliisha. Chama cha wenye magari ya kale kilimwandikia kwamba gari lake litasimama mstari wa mbele kwenye maonyesho, kwa sharti moja: bodi ibaki kama ilivyotoka kiwandani. Wiki hiyohiyo mkewe aliteleza jikoni kwenye sakafu yenye maji, nyonga ikavunjika. Alirudi kutoka hospitali na nyonga ya chuma, fremu ya kutembelea, na amri ya kudumu: asikae mahali palipo chini ya kiti cha kawaida.

Na gari la michezo hukaliwa kwa kujikunja kama nyoka aingiaye shimoni.

Sikio alijaribu kila njia ya kuliepusha na msumeno. Alikata maboksi, akatengeneza sebuleni mlango wenye umbo lilelile la mlango wa gari, akaweka nyuma yake kiti kilichoinuliwa kwa matofali. Mkewe akaketi polepole. Kichwa chake kikatokeza juu ya boksi.

"Wenzangu hupimwa nguo," alisema, "mimi napimwa gari."

Sikio alinyoosha kiganja kutoka kwenye ukingo wa boksi hadi utosini mwa mkewe. Shubiri moja. Ili aketi humo, paa lingepaswa kukatwa upande wa abiria na kuinuliwa shubiri moja, na fremu ya mlango ilifuate. Alijua hivyo hata kabla hajapima.

Rafiki yake, fundi rangi, aliposikia habari hiyo alikuja, akakaa juu ya tairi.

"Kaka, utaliwekea kibiongo? Uende kwenye maonyesho na ngamia?"

"Maonyesho siendi."

"Shemeji tumpakie kwenye gari langu. Lina nafasi, ataketi kama malkia."

"Gari lako linanuka samaki."

"Nililiosha!"

"Mwaka gani?"

Walicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Fundi rangi akaupitisha mkono wake juu ya paa lile, mara moja tu, kisha akaenda zake.

Mkewe ndiye aliyekuwa mgumu zaidi. "Usikate," alimwambia wakiwa mezani. "Methali inasema ngojangoja huumiza matumbo. Ngojangoja yangu imevunja nyonga, basi, yamekwisha. Ukilikata, kila ukiniona utaona kibiongo."

"Na nisipolikata, kila nikiliona paa nitaona basi ulilopanda siku ile."

Mkewe aliweka kijiko chini. "Kwa hiyo unakata kwa ajili yangu, au kwa ajili ya dhamiri yako?"

Sikio alimsogezea sahani. "Kula, chakula kinapoa," alisema.

Alikata Jumatatu asubuhi, kabla mikono haijaanza kutetemeka. Alichora mstari kwa chaki, akaufuta, akauchora palepale. Kisha akawasha grinda ya kukatia chuma. Kazi ya miaka sita iliachana na gari kabla chai yake haijapoa, na kipande kikabaki mikononi mwake, chepesi mno, kama ganda la yai. Alikaa nacho sakafuni. Alikuwa ametarajia kwamba akitenda haki moyo ungetulia, haukutulia. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, lakini huyu wake alikuja na godoro kabisa. Lilimuuma paa, likamuuma basi, na kikubwa zaidi kilimuuma kujua kwamba mwaka ule wa tisa mkewe angeingia garini kwa hatua moja, bila kumkata mtu wala chuma.

Alimaliza kuchomelea Jumanne. Kibiongo kipo, hakifichiki. Amekigonga kwa ustadi wake wote, lakini mstari ule wa zamani sasa unapanda, unasita, kisha unateremka kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Kwa chama aliandika mistari miwili ya kuomba radhi. Fundi rangi alikuja Jumatano na bunduki yake ya kupulizia, hakutania hata neno moja, akapaka.

Leo ni Alhamisi. Amri ya fundi rangi ni kwamba gari lisiguswe mpaka Jumamosi. Jikoni, mkewe ameshika fremu yake ya kutembelea mbele ya kizingiti cha mbao ambacho Sikio amekitengeneza kwa kimo cha kile cha gari, na anafanya mazoezi ya kuvuka.

"Umeona?" anaita. "Mguu wote, bila kugusa!"

"Nimeona. Kwa dada kuna wapangaji siku hizi, unajua?"

"Najua. Nitashuka, nitasimama barabarani wanione, nitarudi. Jumamosi saa ngapi?"

"Rangi ikikauka."

"Ikikauka! Mume wangu, nikifika mlangoni ikiwa mbichi, nitaingia nayo mbichi."

Sikio anacheka, anajifuta macho kwa mgongo wa mkono, kisha anatoka kwenda kuitazama rangi kwa mara ya nne tangu asubuhi, mikono ameifunga nyuma ili asije akaigusa.