Makiwa Yaliyofutwa

Kundi letu la wapenzi wa taarabu ya zamani nalisimamia mimi, kwa simu, nikiwa jikoni kwangu Mountain View, hapa Nairobi. Mtandao wenyewe hauna tajiri mmoja. Ni seva nyingi, yaani kompyuta za kuhifadhi ujumbe, zinazowasiliana, kila moja na mwenyewe, kama nyumba za kupanga: sheria za mwenye nyumba zikikushinda, unahama. Sisi tulipanga kwa bwana mmoja wa ng'ambo, mpole, asiyejua hata neno la Kiswahili.

Siku moja mwanachama wetu, mama fundi cherehani wa Kangemi, aliandika kwamba amefiwa na mamake. Huyu ni mzaliwa wa magharibi ya Kenya, Mkristo, na sisi watu wa pwani hatumuwezi kwa kukumbuka nyimbo. Kwetu makiwa, ile pole ya msiba, hayatumwi kwa niaba. Kila mtu huja akatamka yake. Basi watu wakamiminika na neno lile lile: Makiwa. Makiwa. Makiwa. Mtambo wa yule bwana ukaona neno moja linarudiwa na umati, ukadhani ni matapeli, ukafuta yote. Ujumbe wa mama wa watu ukabaki peke yake.

Nilimwandikia bwana. Akajibu kwa adabu kwamba wanachama wajaribu kubadilisha maneno kidogo. Nilichemka! Tangu lini matanga yakahitaji ubunifu? Mtu kafiwa, nawe ukae utunge?

Nikampigia yule mama nimweleze. Hakushika. Hapo nikaogopa kweli, maana kwetu alikuja mgeni, na sasa ataona tumemsusa katika msiba.

Kesho yake nikatafuta nyumba nyingine. Sikuuliza kasi wala nafasi. Kila mwenye seva nilimuuliza: mtu wetu akifiwa, nasi sote tukaandika neno moja kutwa nzima, utafanyaje? Wa kwanza alisema atafikiria. Wa pili alinitumia sheria zake, ndefu mpaka macho yakauma. Wa tatu, karani wa duka moja huko tao, katikati ya jiji, akaandika: "Si hata mimi nitaandika, mama. Kwani nani amefiwa?"

Tukahama siku hiyo hiyo. Nikatangaza msiba upya, na makiwa yakamiminika, ya karani yakitangulia. Hakuna lililofutwa. Nikakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, nikashusha pumzi. Alhamdulillahi!

Jioni simu ikalia. Ni yule mama wa Kangemi.

"Dada, nimeona ulinipigia."

Nikamweleza yote, mtambo, kuhama, na makiwa yanayomngoja kule kupya.

Akasema, "Mimi nilikuwa nimeshasema hawa watu walinipendea nyimbo tu."

"La, dadangu. Tulikuja, tukafutwa."

"Sasa saa hii sina nguvu ya kuhama. Nisomee majina."

Nikamsomea. Kila jina alilijibu asante, nami sikuruka hata moja.