Vioo Havitaki Maji ya Chumvi

"Mjomba, kwani kuandika kulikuwa na ubaya gani?"

Nilimuuliza hivyo Disemba ya mwaka 1952, nikiwa darasa la tatu. Mama alikuwa amenituma Voi kuuza mayai, nikamkuta mdogo wake, mjomba Crispus Mwandawiro, juu ya ngazi mbele ya duka la Mhindi, anaosha kioo. Mjomba wangu! Yule ambaye kwetu mlimani Sagalla alikuwa akiitwa Karani hata na bibi aliyemzaa. Alinitazama kutoka huko juu, akacheka.

"Sogea, Alice, maji yatakudondokea."

Akaendelea kufuta kioo.

Alikuwa karani miaka kumi na mmoja katika ofisi ya shamba moja la katani. Babu aliuza mbuzi tisa ili asome. Siku moja ofisi ikamtuma Mombasa na makaratasi, na huko akamwona mtu anaosha madirisha ya maduka. Mtu huyo alikuwa na ndoo yake, ngazi yake na mpira wenye mpini wa kufutia maji. Akimaliza duka moja, mwenye duka la pili anamwita. Hakuna aliyempigia kelele alete faili. Mjomba alimfuata mtaa mzima, karibu akose gari la moshi la kurudi. Alirudi na mpira kama ule, ameuviringisha kwenye gazeti.

Mwezi uliofuata aliandika barua ya kuacha kazi. Aliigonga muhuri wa kupokelewa na kuitia kwenye faili mwenyewe, maana kutia barua kwenye faili ilikuwa kazi yake.

Mkaza mjomba Dinah alikuwa akipepeta mahindi alipoambiwa.

"Wamekufukuza?"

"Sikufukuzwa. Nimeacha."

"Watu huacha pombe, Baba Mable. Kazi ya kalamu haiachwi."

"Utaona."

Na kweli, mwanzoni tuliona. Ilikuwa vuli na mvua ilinyesha vizuri. Kila duka Voi lilikuwa na pipa chini ya mabati, na mjomba alichota humo bila kuulizwa. Vumbi jekundu lilitoka kwenye vioo mpaka ndani ya maduka ukaona rangi ya kila kitambaa. Kabla ya Krismasi akapata hoteli iliyo karibu na stesheni, ile ambayo abiria hushuka kwenda kula. Ukumbi wake wa chakula una vioo arobaini na vinane. Najua kwa sababu nilivihesabu mara mbili. Memsahibu wa hoteli alikubali kumlipa kwa mwezi, na malipo hayo yalikaribia mshahara wa ofisini.

"Hoteli ikinishika, nimepona," alimwambia mama. "Ikiniacha, maduka peke yake hayawezi kulisha watoto watatu."

Mama akaanza kuzungumzia mvua. Nadhani aliogopa kumtia mkosi.

Jambo ambalo mjomba hakulifikiria, yeye msomi wetu, ni kwamba mapipa hukauka. Januari yakakauka. Akachota kisimani, na maji ya visima vya Voi, kila mtu anayajua, yana chumvi. Akaosha vioo vyote asubuhi, akashuka kwenye ngazi, akarudi nyuma kutazama kazi yake. Jua likavikausha. Vikabaki na mabaka meupe kutoka juu hadi chini, kama vimetemewa uji.

Memsahibu akatoka. "Karani, nimekuambia uoshe au upake chokaa?"

Wapagazi wa stesheni walisikia. Kuanzia siku hiyo jina lake likawa Bwana Chokaa. Memsahibu hakumfukuza. Alimwambia tu anataka wageni wake waone nje, na kama hawaoni, atatafuta mtu mwingine.

Mjomba akaenda kwenye bomba la reli. Mlinzi wake alikuwa Mkamba mmoja anayeitwa Muli, mtu wa mzaha.

"Haya ni ya injini, Bwana Chokaa."

"Ndoo mbili tu, Muli."

"Injini ikinywa chumvi inaumwa tumbo, tunalala wote njiani. Kioo chako kikiumwa tumbo, kitalia?"

"Mimi ndiye nitakayelia."

"Basi lia karibu na kisima, kiongezeke maji."

Wakacheka wote wawili. Mjomba akaondoka na ndoo tupu.

Ikabaki chemchemi yetu ya mlimani, ambayo maji yake ni matamu. Lakini kiangazi kile ilikuwa inatoa kama uzi, na kamati ya maji iliweka sheria kwamba kila nyumba ichote madebe mawili kwa siku, basi. Mjomba akaazima punda. Kila alfajiri madebe yake mawili yalipanda mgongoni mwa punda, yakateremka Voi, mwendo wa saa mbili. Vioo vya hoteli vikang'aa tena.

Na nyumbani? Mkaza mjomba Dinah na Mable, binti yake mkubwa, waliteremka kisimani bondeni wakapanda na maji ya chumvi vichwani. Njiani walipishana na punda. Nilienda kwao jioni moja nikakuta maharage yako motoni tangu asubuhi, bado magumu kama changarawe. Hivyo ndivyo maji yale yanavyofanya maharage. Chai ilikuwa na ladha ya machozi. Mtoto wao wa mwisho alikuwa akiharisha.

"Vioo vinakunywa," Dinah alisema huku akichochea moto. "Watoto wangu ndio hawanywi."

"Masika yakija tutajaza mapipa," mjomba akajibu. "Ni wiki chache tu."

Masika yakachelewa.

Jumapili moja, baada ya ibada, kamati ikaketi nje ya kanisa. Nilisimama nyuma ya mama. Mzee Josephat, katibu wa kamati, ndiye aliyeuliza.

"Karani, madebe yako mawili yanalala wapi?"

"Ni haki ya nyumba yangu. Nikiyamwaga, nimemwaga yangu."

"Nyumba yako ni Dinah na watoto. Au una mke mwingine hotelini?"

Watu wakacheka. Mjomba naye alijaribu kucheka. Kisha Mzee Josephat akamgeukia Dinah, na sauti yake ikapungua.

"Mama Mable, mara ya mwisho kunywa maji ya chemchemi ilikuwa lini?"

Kila mtu alijua uzito wa swali hilo. Akisema nyumba yake inakunywa, punda ataendelea kushuka na hoteli itabaki. Akisema kweli, hoteli imekwisha. Mjomba alimtazama mkewe kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani. Dinah akamtazama yeye, akamtazama mdogo aliyekuwa mgongoni mwa Mable, amelegea.

"Januari," akasema.

Kamati ikaamua kwamba maji ya chemchemi hayatateremshwa tena kupita hapo kanisani. Hakuna aliyemtukana mjomba. Mzee Josephat hata alimshika mkono. Wiki ile ile mjomba aliosha hoteli kwa maji ya kisima, akifuta kila kioo kwa gazeti kavu upesi upesi kabla jua halijakifikia. Vilikuwa arobaini na vinane na yeye ni mmoja. Memsahibu alimlipa siku zake na kumwambia aondoe ngazi.

Mjomba akavaa tai, akaenda ofisi yake ya zamani kuomba kazi. Kwenye kiti chake alikuwa Donald, kijana ambaye mjomba mwenyewe ndiye aliyemfundisha kupiga taipu. Donald alisimama kwa heshima, akabaki amesimama, hajui akae au ampishe. Bwana mkubwa akasema kazi ya kalamu imejaa, ila wakataji wa katani bado wanatakiwa.

Akachukua. Masika yalipokuja mwishoni, mapipa yakajaa, lakini hoteli ilikuwa imekwisha kumpa mpishi wake mdogo kazi ile, na maduka mawili yaliyobaki hayakutosha hata chumvi. Ila chumvi tulikuwa nayo tele.

Mwaka huu wa 1957 niko darasa la nane. Likizo ya Agosti mkaza mjomba alinituma nimpelekee chakula shambani. Nilitembea kati ya mistari ya katani mpaka nikamwona, ameinama, mikono imechanwa na miiba hadi kwenye viwiko, anafunga mafungu. Amezeeka kuliko mama, na mama ndiye mkubwa. Tukakaa kwenye kivuli kidogo cha toroli. Alikula, nami nikamwuliza tena lile swali, kwa maneno yale yale, kwa sababu nilikuwa bado sijui.

Safari hii hakucheka. Alinawa mikono polepole, akaikausha kwenye suruali.

"Hakukuwa na ubaya wowote, Alice," akasema. "Na mwandiko wangu ulikuwa mzuri."