Tundu Katika Reale za Mama

Harufu ya mafuta ya mbuzi yaliyokorogwa na udongo mwekundu bado inanisisimua, maana ndivyo zilivyonukia reale tano za mama. Zilikuwa sarafu za fedha, pana, zenye sura ya malkia mnene. Babu alizipata Todonyang, mpakani, kwa kuwauzia Wahabeshi samaki wakavu. Kwetu Turkana sarafu ya namna hiyo haikai mfukoni. Inatobolewa, inavaliwa shingoni pamoja na shanga. Mwaka ule ukame ulimaliza mbuzi wetu wote. Mama akavua mkufu, tukaenda Lodwar kuziuza ili tuanze zizi upya.

Mnunuzi alikuwa Festo, mwenye duka karibu na stendi. Jina lake nalitaja, sifichi. Aliweka reale yake nzima upande mmoja wa mizani, ya mama upande wa pili. Ya mama ikapaa. "Mama yangu, kumbe umevaa bati miaka yote hii!" akasema kwa sauti, na duka zima likacheka. "Haya, kwa kuwa una mtoto, nipe mbili nikupe debe la mahindi." Mama aliona aibu. Akazitoa. Mimi niliinyakua reale ya mama nikailaza juu ya ile ya Festo. Kingo zililingana kabisa, na ya chini ikang'aa kupitia tundu. Moyo ukaruka! "Mama, ni tundu! Imepungua kwa sababu ya tundu!" Festo alinipiga kofi mkononi. "Ondoa huyu mtoto hapa!"

Njia nzima sikunyamaza. Mama alichoka kunisikia, tukapanda lori hadi Kakuma, kwa sonara mmoja Msomali aliyeitwa Mzee Abdi. "Ejok, mama," alitusalimu kwa Kiturkana, akaicheka mwenyewe lafudhi yake. Alikuwa na kipande cha mfupa chenye mwanya mwembamba. Reale ya bati, alisema, ukitaka ifikie uzito wa fedha lazima uifanye nene, na ikiwa nene haipiti hapa. Zetu tatu zikapita, moja, mbili, tatu, kama mjusi kwenye ufa. Kisha akaweka moja kwenye mizani dhidi ya reale nzima. Ikapaa tena, nami nikabana pumzi. Akachukua punje ya fedha inayotosha kuziba tundu, akaidondosha juu yake. Mizani ikayumba, ikayumba, ikatulia sawa! Nilipiga vigelegele kama niko harusini. "Huyu mtoto mpeleke shule," Mzee Abdi akamwambia mama. Shule yenyewe sikuifikisha mbali.

Zile tatu akazinunua, zikawa mbuzi wanane. Nikamwambia mama turudi Lodwar, tudai zile mbili. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Akasema, "Mbuzi wanataka maji."

Leo nami nanunua fedha kuukuu hapa Kakuma. Mizani yangu ni ya betri, inataja gramu kabla hujapepesa jicho, na vijana wanaiamini kuliko macho yao. Lakini namba haijui aibu. Mama hakushindwa na mizani ya Festo. Alishindwa na kile kicheko cha dukani, akataka tu kutoka. Kwa hiyo mwanamke akija na mkufu wake, kwanza nawatoa watu wote nje, ndipo napima.