Sanduku la Shomari

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya ukarani, Karani Mkuu alinikabidhi ufunguo wa stoo akaniambia, "Kijana, humo ndani ukisikia mchakacho, ni panya. Ukisikia unaitwa, usiitike. Toka nje upunge upepo." Nilicheka. Yeye hakucheka.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Stoo yetu ilikuwa mtaa wa Gerezani, jirani na karakana za reli, na humo tulihifadhi mali za watu waliofia mbali, hasa vibarua wa mashamba ya mkonge. Sanduku likishushwa kwenye treni, karani alilifungua, akaandika orodha ya vilivyomo, kisha akalipiga lakiri, ile nta nyekundu inayoonyesha kwamba halijaguswa tena. Baada ya hapo kazi ilihamia miguuni. Nilizunguka Kariakoo nikibisha nyumba hadi nyumba na jina la marehemu mkononi. Mara nyingine nilipolitaja, ukumbi mzima wa wapangaji ulinyamaza, nami nikajua nimefika.

Mrithi hakupewa sanduku hivi hivi. Alitakiwa ataje vilivyomo kabla halijafunguliwa, na akikosea alirudishwa. Lililokaa mwaka mzima bila mwenyewe lilikwenda mnadani. Leo nasema ulikuwa utaratibu wa kikatili, maana ni mama gani anayejua mwanawe amefungasha nini huko aliko? Wakati ule niliuona wa busara sana.

Bi Zuhura, mama mmoja wa Kariakoo asiyeona, alikuja Ijumaa, siku moja kabla ya mnada. Mwanawe Shomari alikufa kwa homa mkongeni, akazikwa na watu asiowajua. Hakuna kingine chake kilichorudi ila hilo sanduku.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia.

"Marahaba, baba. Nimemfuata mwanangu."

Karani Mkuu alifungua daftari. Mama akaanza kutaja: shuka mbili, kisu, wembe, kioo kilichopasuka, suruali ya kaki yenye kiraka. Alivitaja kwa mpangilio ule ule niliouandika mimi, kimoja baada ya kingine, bila kukosea.

"Na kofia ya viua," alimalizia.

"Kofia haimo," Karani Mkuu akasema. "Pole, mama. Orodha haikulingana. Kesho linauzwa."

"Niliishona kwa mkono wangu, baba. Mbele kuna pengo lisilo na viua, macho yaliniishia kabla sijamaliza. Kila Ijumaa mchana nikijilaza, Shomari ananijia ndotoni. Ananitajia vitu vyake. Ananiambia, mama, natoka msikitini. Lakini kichwa kitupu."

Kofia ilikuwa kichwani mwangu.

Siku sanduku lile lilipofika, nililifungua nikiwa peke yangu. Niliipenda kofia, nikajiambia marehemu hana haja nayo, nikaiacha nje ya orodha. Niliivaa Ijumaa tu. Sasa nilisimama hatua mbili kutoka kwa mama yake, nikijua kwamba nikinyamaza sanduku litauzwa, na nikikiri nitapoteza kazi, na mke wangu nyumbani ni mjamzito. Bi Zuhura aligeuza uso akanielekea, akasubiri.

Niliivua nikamwekea mikononi. Vidole vyake vilikwenda moja kwa moja kwenye pengo.

"Ulikuwa unaivaa kwenda wapi?" aliniuliza polepole.

"Msikitini, mama. Ijumaa tu. Nisamehe."

Alilia, na hakikuwa kilio cha hasira. "Basi mwanangu alikuwa anasema kweli," alisema. "Ahsante, baba, kwa kumpeleka."

Karani Mkuu alivunja lakiri, akamkabidhi sanduku lake, kisha akaninyooshea mkono nimpe ufunguo. Hakunipeleka polisi. Nilihangaika miezi kadhaa, nikaja kupata utarishi katika ofisi moja ya Posta, na humo nikapanda taratibu hadi nikawa karani tena. Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi, wapole na wakorofi, na tangu siku ile sikufungua mzigo wa mtu bila shahidi.

Sasa nimestaafu, na vijana wanaponiuliza kama kuna mizimu mle stoo, huwajibu kwamba sijui. Ninachojua ni kwamba kufukuzwa nilikuvumilia, kwa sababu nilistahili. Ile ahsante ndiyo hadi leo sijui niiweke wapi.