Msimu Tuliocheza kwa Kikamba

Niliingizwa kwenye timu kwa sababu ya urefu. Nilikuwa bado mgeni chuoni, nimesimama kwenye foleni ya chai ya saa nne pamoja na wanafunzi wenzangu wa ushonaji, mwalimu wa umeme alipotoka karakana yake akatutazama mmoja mmoja mpaka akanifikia. Hakuniuliza mimi. Alimuuliza msichana aliyekuwa mbele yangu kama huyu mrefu amewahi kucheza mpira wa kikapu. Yule msichana akageuka kunitazama, mimi nikatikisa kichwa. Mwalimu akasema si kitu, nije saa kumi na viatu vya kukimbilia.

Uwanja wetu ulikuwa sakafu ya simiti iliyomwagwa na wanafunzi wa ujenzi kama sehemu ya masomo yao. Upande mmoja uliinama kidogo. Mpira ukiachwa peke yake, ulibingirika taratibu hadi kwenye sukuma wiki ya jikoni. Tulijua kila mahali penye ufa, na wageni walipokuja hatukuwaambia.

Kabla ya hapo nilikuwa nimekaa nyumbani miaka kadhaa tangu nimalize darasa la nane. Wageni wakija kwetu, mimi nilikuwa nyuma ya nyumba. Kanisani nilikaa karibu na mlango. Sikuwa na huzuni, ni vile tu nilivyokuwa nimezoea. Lakini pale uwanjani kulikuwa na jambo ambalo sikuwahi kulipata. Ikifika saa kumi na mimi bado nakunja kitambaa darasani, wenzangu walisimama na mpira mkononi wakasema bado mmoja, wakangoja. Mmoja huyo ni mimi. Nilitaka waendelee kuningoja.

Shida ilikuwa sauti. Mchezaji mrefu anakaa chini ya kikapu, na timu inapozuia, wenzake wote wanne wako mbele yake, wamempa mgongo. Yeye peke yake ndiye anayeona kinachowajia kwa nyuma. Wapinzani wana ujanja mmoja ambao kila mtu huuita skrini: mmoja wao anakuja polepole, anasimama kama mwimo wa mlango nyuma ya mchezaji wako, halafu mwenye mpira anapita hapo. Wewe uliye chini ya kikapu usiposema, mwenzako anageuka na kugonga mwili wa mtu, na mpira umeshapita. Kwa hiyo ni lazima uite: skrini kushoto, skrini kulia. Mimi niliona kila kitu na sikusema chochote. Nilifungua mdomo, mpira ukawa umeshapita.

Mwalimu wa umeme, ambaye ndiye alikuwa kocha wetu, alitoka upande wa Kisumu na hakuwa mtu wa kugomba. Wiki moja kabla ya ligi kuanza aliniita kando akanieleza kwa upole kwamba anajua kazi yangu chini ya kikapu, mikono yangu ni mizuri, lakini wenzangu wanaumia. Msichana mwingine kutoka darasa la ususi alikuwa karibu urefu wangu. Mpira ulimponyoka mara nyingi, ila alikuwa akiongea tangu anapoamka mpaka anapolala. Kocha alisema kama sitaita, ataweka huyo. Angenipa nafasi katika mechi za mwanzo aone.

Yule wa ususi alilijua jambo hilo, akaja kukaa nami kwenye benchi.

“Nikipewa hiyo nafasi yako nitaichukua,” alisema. “Usije ukaninunia.”

Nilimwambia sitamnunia. Nilisema kwa sauti ndogo hata akaniomba nirudie.

Jambo lenyewe lilifunguka siku ambayo hatukuwa tunalifikiria. Tulikuwa katikati ya mazoezi, nikaona mbuzi wa jirani wamevuka ua na kuingia kwenye sukuma wiki. Mama mwenye mbuzi alikuwa ng'ambo ya bonde, ameinama kwenye matuta ya shamba lake, hana habari. Nikamwita. Kwetu vilimani mtu haendi ng'ambo kupeleka ujumbe. Anasimama ukingoni, anaurefusha ule mwito wa Kikamba mpaka uguse mlima wa pili, na huanza kueleza kabla hata hajajibiwa. Ndivyo mama yangu alivyoniita maisha yangu yote, na ndivyo nilivyomwita yule mama. Akainuka, akaitikia, akaja mbio kwa mbuzi wake.

Nilipogeuka, mchezo ulikuwa umesimama. Nahodha wetu, mwanamke aliyenizidi umri, mwenye mtoto wa chekechea, alikuwa ameweka mpira kiunoni.

“Kumbe iko,” alisema.

Wengine wakacheka. Yeye hakucheka. Alinisogelea akaniambia sauti hiyo hiyo niliyompigia mama wa mbuzi ndiyo anayoitaka nyuma yake, na kama Kiswahili kinanibana, nimwite kwa Kikamba kama ninavyomwita mtu wa kwetu. Kwa Kikamba kushoto ni mkono wa wanawake, na kulia ni mkono wa wanaume. Tukafupisha. Skrini ikija kushoto niite “Aka!”, ikija kulia niite “Aume!” Nilijaribu mara moja, nikiwa natazama milima badala ya kuwatazama wao. Ikatoka.

Kocha alipoelezwa alisema hata kama ni Kiebrania, mradi kisikike.

Hivyo ndivyo tulivyoingia kwenye ligi. Mechi ya kwanza ilikuwa na chuo kimoja cha upande wa Mlolongo. Wasichana wao walitoka kila pembe ya nchi na walizungumza Sheng ya haraka ambayo sisi wa vilimani tuliipata nusu. Kila nilipoita, walitazamana. Kufikia robo ya pili nahodha wao alikwenda kwa refa kulalamika kwamba yule mrefu anawatukana. Refa alikuwa Mkamba. Akamsikiliza mpaka mwisho, uso wake haukubadilika hata kidogo, akamwambia hajasikia tusi lolote, mchezo uendelee. Tulishinda.

Tukashinda tena, na tena. Tukaona utamu. Hata waliotoka makabila mengine kwenye timu yetu walijifunza, na Kikamba hakikubaki cha kuzuia tu. Tulikitumia kushambulia pia: pita nyuma, mpe mrefu, rudisha kwa nahodha. Tulipanga kila kitu mbele ya wapinzani wetu, kwa sauti, nao wametukodolea macho. Mimi niliita vizuri kwa sababu sote tuliita. Sauti yangu ilikuwa moja kati ya tano, imejificha humo. Kocha hakunitajia tena habari ya kuniondoa, lakini hakusema pia kwamba imekwisha. Alikuwa akisimama pembeni ameelekeza sikio, na nilijua anatafuta ipi ni yangu.

Nusu fainali ilichezewa mjini Machakos, kwenye uwanja usio wa timu yoyote kati yetu. Wapinzani wetu walitoka chuo kimoja cha mbali, upande wa Ekalakala. Walishuka garini wakiwa na vumbi na furaha, wakatusalimia kwa Kikamba. Tukawaitikia kwa Kikamba. Nahodha wetu akawauliza kama mvua imefika kwao, wakasema imenyesha mara moja ikakata, mahindi yanakunja majani. Tukawapa pole. Mmoja wao akagundua ana shangazi jirani na kwao nahodha. Tuliongea hivyo kwa muda mrefu, sote kwa Kikamba, tukacheka nao, tukaenda kuvaa fulana. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyewaza.

Tuliwaza mpira ulipoanza. Nahodha aliita mpe mrefu, na kabla mpira haujatoka mkononi mwake, wasichana wawili walikuwa tayari wamesimama mbele yangu wakitabasamu. Tukaita pita nyuma, wakawa nyuma. Mmoja wa wenzetu akasimama kabisa katikati ya uwanja akashika mdomo.

Hata hivyo kuzuia tungeweza, maana skrini ni skrini hata ukijulikana umeiona. Lakini nahodha wao, msichana mfupi mwenye mabutu ya nywele, alikuwa na akili ya shetani. Robo ya pili alianza kutuitia. Skrini ikija kushoto, yeye anaita “Aume!” kwa sauti tamu ya nyumbani, na mwenzetu anageuka kulia, mahali pasipo na mtu. Tulikuwa tumezoea kuitika sauti yoyote ya Kikamba tunayosikia nyuma yetu. Tulizunguka kama kuku waliofunguliwa asubuhi. Watu waliokuja kutazama, na karibu wote walielewa kila neno, walicheka hadi wakashikana mabega.

Mapumzikoni tulikuwa nyuma yao. Kocha akauliza kama tuite kwa Kiingereza basi. Nahodha akamwambia hicho nao wamekisoma. Kisha nahodha akasema tangu sasa wote tutanyamaza, anaita mmoja tu, aliye chini ya kikapu. Sauti nyingine yoyote si yetu.

Kocha alinitazama. Pembeni yake yule wa ususi alikuwa tayari amevua sweta, ameliweka magotini. Hakufanya kwa ubaya, alikuwa amejiandaa tu, kama alivyoniambia. Kocha akamtazama yeye, akanirudia mimi.

“Utaweza?”

Nikatikisa kichwa kukubali.

“Si kwa kichwa. Kwa mdomo.”

“Nitaweza, mwalimu.”

“Ikikatika, nakutoa. Si adhabu.”

Tuliporudi uwanjani kulikuwa na utulivu wa ajabu, wenzangu wanne wamefunga midomo, na mimi nikasikia jinsi nilivyo peke yangu. Skrini ya kwanza ilikuja kushoto. Niliita, ikatoka ndogo, sauti ya kwenye benchi, na yule mfupi akaifunika na ya kwake. Wakafunga. Nikaona kocha amesimama, na yule wa ususi amesimama naye.

Sikuwa na muda wa kupanga lolote. Nilichokumbuka ni kwamba mtu anayeita ng'ambo ya bonde hangoji kwanza aitikiwe. Nikaanza kuita kila kitu. Niliita hata pasipo na kitu. Niliwaambia niko hapa nyuma, mkono wa wanawake ni salama, mkono wa wanaume anakuja mtu, bado, bado, amefika. Niliurefusha kama kwetu. Watu wakaacha kucheka ili wasikie. Yule mfupi akaniiga, akaurefusha vilevile, na aliniiga vizuri kiasi kwamba mimi mwenyewe nilicheka nikiwa bado naita.

Lakini kulikuwa na kitu ambacho hakukiweza. Yeye hakuwa chini ya kikapu. Hakuona ninachoona mpaka niwe nimeshakitaja, kwa hiyo uongo wake kila mara ulikuja nyuma ya ukweli wangu, nyuma kidogo sana, kama mwangwi. Wenzangu wakalizoea hilo. Wakaanza kuondoka kwa mwito wa kwanza na kuuacha wa pili upite. Tukasogea karibu nao, tukawafikia, robo ya mwisho tukawapita kidogo. Sikutazama tena upande wa benchi. Si kwa ushujaa, nilikuwa na kazi nyingi.

Karibu na mwisho mpira ulikuwa wao, na kikapu kimoja kingewatosha. Yule mfupi alishika mpira mwenyewe. Niliona mwenzake akijivuta kwenda nyuma ya nahodha wetu, kushoto. Niliita “Aka!”, na safari hii, kwa kuwa skrini ilikuwa ya kwake mwenyewe na alijua itakapokuja, tukaita pamoja, yeye “Aume!”, mimi “Aka!”, sauti mbili kwa mara moja. Nahodha wetu hakugeuza hata kichwa. Alikwenda mkono wa wanawake, na mpira ukamgonga viganjani. Aliukumbatia kifuani mpaka filimbi ikalia.

Yule mfupi alinijia kunipa mkono, jasho likimtiririka kwenye mabutu.

“Mwiitu wa mwaitu,” alisema, yaani dada yangu wa mama mmoja, “na usiku huwa unanyamaza?”

Nilicheka nikatazama chini, naye akanipiga begani akaenda zake.

Jumatatu sauti ilikuwa imekwisha kabisa. Mwalimu wa ushonaji aliniuliza jinsi ya kuweka kola, wenzangu wakanijibia kama walivyozoea, naye hakuona tofauti yoyote.

Fainali tulifungwa. Chuo kilichotufunga hakikujua neno moja la Kikamba, tulikuwa na siri yetu yote, na bado walituzidi, kwa sababu walikuwa wakicheza vizuri kuliko sisi na walikimbia bila kuchoka. Niliita mpaka mwisho. Mara mbili niliita kwa Kiswahili bila kujua, nahodha ndiye aliyeniambia baadaye.

Tulipokuwa tunakusanya viatu, yule wa ususi alimwendea kocha akamuuliza, bila kunong'ona, kama msimu ujao anaweza kujaribiwa chini ya kikapu. Kocha alikuwa anafunga mfuko wa mipira. Alimwambia afanye mazoezi ya pembeni, ana miguu mizuri ya pembeni.

“Hapo chini pana mtu,” alisema, akaendelea kufunga mfuko.