Askari wa Koloneli

Nianze na ujinga wangu: niliona haya kuandika neno "mbegu" kwenye daftari la kazi, nikaandika "askari". Nilikuwa na cheti changu cha sekondari, lakini niliogopa mke wangu asije akalikuta neno lile mezani.

Kazi yenyewe ilikuwa kupima mbegu za dume la ng'ombe la shamba la serikali, ng'ambo ya mto, kwenye njia ya Ubundu. Daktari Mzungu aliyenifundisha aliondoka baada ya uhuru, akaniachia mikroskopi, funguo, na dume moja ambalo wafanyakazi walilibatiza Koloneli kwa lilivyotembea kifua mbele. Kabla ya kulipeleka kwa majike, nililipandisha jike aliyefungwa, nikakinga mbegu zake njiani kwa mpira wenye maji ya moto, nikaweka tone kwenye kioo, nikachungulia. Zinaenda mbele au zinazunguka tu? Nyingi zimekufa? Zina vichwa? Ni kazi ya kukaa, na ilinifaa mimi ambaye hata samaki wa Wagenia, wale wavuvi wa mtoni, nilimtuma mke akanunue. Jirani yetu, mama aliyelima pondu, yale majani ya muhogo, kando ya ua wa shamba, aliniita kuku anayelalia mayai.

Waasi walipoingia mjini, wenye akili walipanda pirogi, wakateremka na mto kuelekea Isangi. Mimi nilibaki. Si ushujaa, sipendi tu kulala kwenye kitanda cha watu.

Siku ya tatu asubuhi wakaja shambani, wapiganaji sita na mkubwa wao. Mkubwa naye alikuwa koloneli. Wakati ule, kila mwenye bunduki mbili nyuma yake alikuwa koloneli. Mmoja wao aliyejua kusoma akafungua daftari langu, akasoma kwa sauti, polepole, kama barua ya msiba:

"Askari wa Koloneli. Wengi wamekufa. Wenye kubaki wanazunguka tu, hawaendi mbele. Wengine hawana kichwa."

Mkubwa akaniuliza ni nani aliyenipa habari za watu wake, na nilikuwa nikizituma kwa nani kwa kile chuma, akionyesha mikroskopi. Alidhani ni redio ya kupasha habari. Mdomo wa bunduki ukanigusa shingoni, baridi. Nikaeleza: Kiswahili, Kifaransa, Lingala, vyote vikatoka kwa pamoja kama maharagwe kwenye gunia lililotoboka. Wakacheka, lakini si kicheko cha kumtuliza mtu.

"Bon," akasema mkubwa. "Utanionyesha hao askari. Kama sitawaona wakitembea, utalala hapa hapa."

Shida ni kwamba mbegu hufa kwa baridi, na vidole vyangu vilikuwa kama samaki wa jana. Kioo kikipoa, askari wangu wangekufa kabla mkubwa hajainama. Nikakibana kwapani. Dume nalo likaziangalia bunduki, likamkataa jike niliyemfunga mbele yake. Nikalibembeleza kwa maneno ambayo sijawahi kumwambia mke wangu. Mara ya pili likapanda, nikakinga.

Nikaweka tone, nikageuza kile kioo kidogo cha chini kitafute jua. Wingu likapita. Nikangoja lipite, na mwenye bunduki nyuma yangu akangoja nami. Jua liliporudi, mkubwa akainama.

"Sioni kitu."

Bunduki ikanisukuma. Nikamtazama vizuri: alikuwa amefumba jicho lililokuwa kwenye mikroskopi, akakodoa lile lingine.

"Mukubwa," nikasema kwa sauti ya mbuzi, "fungua jicho ya huku."

Akafungua. Akakaa muda mrefu ameinama.

"Wanakimbia," akasema mwishowe. "Wote mbele."

Akaniamuru nifute maneno ya zamani na kuandika kwamba askari wa Koloneli wanaenda mbele. Nikaandika. Kisha wakalifunga dume kamba, wakaondoka nalo. Sikuuliza wanalipeleka wapi.

Nikakaa chini kwenye majani, suruali imelowa. Jirani alipotoka kwenye pondu yake, alikojificha akiona yote, nilimwambia ni yale maji ya moto ya mpira. Akaitazama suruali, akaitazama mikroskopi.

"Papa, shukuru ngombe. Ingekuwa ni mbegu ya kwako walitia pale ku kioo, na ile woga yote, leo tungekuwa tunakuzika."