Rodah Toa-Mkono na Mizani ya Angani

Kule kituo chetu cha kupimia majani chai, chini ya barabara ya Litein, ukiuliza Rodah ni nani utatazamwa tu. Uliza Toa-Mkono. Hapo hata karani atakuonyesha.

Jina hilo alijipatia kwa mdomo wake mwenyewe. Mizani yetu ni ya kuning'inia: mfuko unatundikwa kwa ndoano, karani anasoma kilo. Mfuko ukiyumba, mtu aliye karibu huona heri autulize kwa kiganja. Wee! Rodah alipiga kelele hadi ng'ambo: "Toa mkono!" Hata mfuko wa jirani ukiegemea wake na kumwongezea kilo, aliusukuma kando. "Uzito wa pure si uzito," alisema, maana Wakipsigis na herufi be hawajawahi kupatana. Mimi Nyabate, mama yake Sagini, ni Mkisii; nikimcheka, ananijibu kwamba heri yeye kuliko mtu wa kusema "rakini". Hivyo ndivyo tulivyoishi, shamba kwa shamba, tangu mume wangu anunue kipande chetu huku.

Rodah hakuolewa. Baba yake alimwachia sehemu ya chini ya shamba, inayoteremka hadi bondeni kwenye chemchemi. Kaka yake na mkewe walipofariki katika ajali, alimchukua mtoto wao, Weldon, akiwa bado mchanga. Watu wakamwita Mama Weldon, naye akaitikia kwa furaha kama aliyemzaa. Kwa majani ya shamba hilo alimsomesha hadi chuo kikuu.

Na ile chemchemi, wacha niseme, ndiyo ilikuwa maisha yetu. Boma zote za upande huu zilichota pale. Kiangazi, vijito vikibaki mawe, maji yale yalitoka tu, baridi, chini ya mikuyu. Rodah hakuruhusu panga lifike hapo. Waliokuja na miche ya mikaratusi, kwa sababu viwanda vya chai hula kuni usiku na mchana, aliwafukuza. "Huo mti unakunywa kushinda mlevi," aliwaambia.

Halafu Weldon akamaliza masomo. Kampuni moja ya kuni, ambayo siku hizi hata ofisi haina, ilimwajiri atafute mashamba ya mikaratusi. Akaanza na bonde la shangazi yake.

Alituita baada ya ibada, akafungua kompyuta mbele ya kanisa. Ramani ikatokea, na huku kwetu kote kumepakwa buluu iliyokolea.

"Kuna satelaiti mbili," alisema, "zinafuatana kuizunguka dunia. Mahali penye kitu kizito panavuta. Ya mbele ikikaribia hapo inavutwa, inamwacha mwenzake kidogo. Umbali kati yao ukibadilika, hata kwa kitu chembamba kuliko unywele, zinajua. Sasa, milima haihami. Kinachoongezeka na kupungua mwezi hadi mwezi ni maji. Hiyo ni mizani, shangazi. Mizani ya kupima maji kutoka juu."

Aki tulistaajabu. Mtoto tuliyempangusa kamasi!

"Na tangu zile mvua kubwa za 2019," akaendelea, "uzito umepanda. Chini yetu kuna maji mengi. Mikaratusi haiwezi kuyamaliza."

Rodah akasimama. "Weldon, hiyo mizani inaona bonde langu?"

"Inaona."

"Na hakuna mfuko wa mtu mwingine umeegemea hapo?"

Weldon aliitazama ile ramani. Kisha akatabasamu. "Hakuna mkono, shangazi. Uzito wote ni wetu."

Basi. Angesema karani, Rodah angebishana naye hadi jua litue. Lakini alikuwa amesema mtoto wake. Wiki iliyofuata mikuyu ikaangushwa, miche ikashuka hadi ukingoni mwa maji.

Ile miti ilikua kwa haraka ya ajabu. Maji nayo yakawa membamba, kisha yakawa tope ambalo ng'ombe hawalitaki, kisha pakawa udongo mkavu wenye nyufa. Sasa tunateremka hadi mtoni na mitungi, tunapanda tukihema. Na wanawake wakipita kwa Rodah hawasimami. Mmoja alimwambia usoni, "Si wewe uliyetukausha?" Rodah aliingia ndani. Mimi aliniambia, tena si mara moja: "Kijana alisoma mizani, Nyabate. Mizani ndiyo iliyokosea. Hata ya karani huharibika." Hilo ndilo lililokuwa likimwezesha kutoka nyumbani asubuhi.

Mwaka jana nilienda Chepseon kuuza ndizi, nikakuta siku ya wakulima, mahema na vipaza sauti. Nasikia sauti naijua. Weldon! Kumbe sasa yuko kwa mradi wa kulinda chemchemi. Wa kulinda, sikia hiyo!

"Msidanganywe na ramani," alikuwa anawaambia watu. "Zile satelaiti haziwezi kuona bonde wala kijiji. Zinapima eneo la kaunti nyingi kwa pamoja. Na sisi tuko karibu na Ziwa Victoria. Ziwa likijaa, uzito wake unaingia kwenye hesabu yetu. Nina shangazi, akiwa kwa mizani ya majani anapiga kelele: Toa mkono! Basi, ziwa ndilo huo mkono. Mwalimu wetu chuoni alituonya hata kabla hatujafungua ramani."

Watu wakacheka, wakampigia makofi. Ndizi zangu niliziacha hapo hapo. Nilimngoja nyuma ya hema.

"Siku ile kanisani ulikuwa unajua?"

"Mama Sagini, tafadhali, punguza sauti. Nilihitaji kazi. Mvua zilikuwa nyingi, nikafikiri..."

"Nimekuuliza kama ulijua."

"Nilijua," alisema. "Lakini usimwambie."

Nikamwambia hiyo rakini yake abaki nayo. Shukrani ya punda ni mateke, nilishasikia. Sikudhani punda anaweza kwenda shule, apige teke, halafu asimulie teke lenyewe kwa kipaza sauti.

Nilimkuta Rodah akichuma. Nikamwambia yote, sikupunguza.

"Alisema hivyo? Toa mkono?"

"Alisema."

"Na watu wakacheka?"

"Wakacheka."

Aliendelea kuchuma, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mpaka vidole vikamgomea. "Nilimwuliza, Nyabate," alisema. "Nilisimama mbele ya watu wote nikamwuliza." Kisha akaketi chini katikati ya michai, akalia. Mimi nilikuwa na hasira. Yeye alikuwa ameumia, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Weldon alikuja Jumamosi. Nadhani alijua nisingenyamaza. Hakwenda nyumbani, alikuja moja kwa moja kituoni, na sisi wote tuko kwenye foleni. Mfuko wa Rodah ulikuwa umeshatundikwa, unayumba. Weldon akaukimbilia, akaushika kwa viganja viwili.

"Ngoja nikusaidie, shangazi. Halafu tuongee."

"Toa mkono," Rodah alisema.

Hakupiga kelele. Pengine kwa sababu hiyo Weldon alidhani anaombwa salamu. Uso ukamng'aa. Akauacha mfuko, akamnyooshea mkono wa kulia, na mkono ukabaki hewani, kila mtu anauona. Rodah alikuwa anamtazama karani.

"Soma," alimwambia.

Karani akangoja mfuko utulie, akasoma kilo, akaandika. "Sawa, Mama Weldon."

"Rodah," akasema. "Mimi naitwa Rodah."